Homoni za Nabintu

Jumatatu, 7 Januari 2013
Nimeaibika! Kwenye bomba la maji hapa mtaani Mabanga wasichana wamenipisha mbele: muzee, pita. Muzee! Nina miaka thelathini na sita. Jirani yangu Bagalwa, niliyesoma naye kwetu Masisi kabla vita havijatutoa, alikuwepo na nywele zake zote. Alicheka mpaka bidon yake ya maji ikamponyoka. Mke wangu Nabintu anasema upara ni wa ukoo. Nimekataa. Baba alikuwa nao, lakini yeye alikuwa mutu wa wasiwasi.

Jumanne, 8 Januari
Nimemuuliza Éphraïm wa farmasi. Kumbe ni homoni! Ya wanaume inaotesha ndevu na kumaliza nywele za kichwa. Za wanawake zinashikilia nywele: mama mwenye mimba zinamjaa, akishazaa zinapukutika. Kweli, Nabintu alipukutika hivyo. Nikaomba hizo za kike. Éphraïm akasema niende nyumbani, niuzoee upara. Roho mbaya tu.

Lakini nyumbani ziko! Vidonge vya Nabintu vya kupanga uzazi. Ameapa hatuzai wa tatu mpaka turudi Masisi. Tunalala wanne chumba kimoja, na mama yangu nyuma ya pazia. Mama ni Mukatolike kweli kweli na anapekua, kwa hiyo Nabintu anavificha ndani ya kichupa cha vitamini. Nimevichukua vyote. Nimemwachia humo vitamini za kweli, za ukubwa uleule. Amekonda, zitamfaa.

Ijumaa, 18 Januari
Matiti yananiuma. Kichwa kinang'aa vilevile. Bagalwa amenivua kofia mbele ya kanisa, mupumbavu yule! Kesho nameza viwili viwili.

Jumamosi, 2 Machi
Nabintu anatapika. Mama anasali rozari ya shukrani kwa sauti. Nabintu akatafuna kidonge chake kwa hasira, akakuta utamu wa chungwa. Akanitazama. Akatazama kifua changu. Ole wangu! Akauliza huyu mutoto tutamlaza wapi, na kwetu bunduki bado zinalia. Amelia. Nami nimelia, nadhani ni vile vidonge. Ninalala jikoni.

Jumapili, 17 Machi
Amenirudisha kitandani. Nywele zake zimeanza kujaa, nzuri ajabu! Nimewaza sana. Vidonge vilikuwa vidogo mno. Homoni zenyewe sasa ziko tumboni mwake, tena za bure. Kwa hiyo nimeulaza upara wangu juu ya tumbo lake na kuukandamiza vizuri. Nabintu akanipapasa, akasema amenisamehe, anaona ninavyompenda mutoto. Nimemwambia ndiyo. Nimemwomba tu asigeuke.