Yah: Kufa kwa Mume Wangu, Ambako Mmekukataa

Shefali Gayen,
Kisiwa cha Satjelia,
Sundarbans.

Kwa Meneja wa Madai,

Natumaini hamjambo hapo ofisini. Mimi ni mjane, ingawa barua yenu inasema bado. Mume wangu Nirapada alichukuliwa na chui milia akirina asali msituni. Mnasema hakuna maiti, kwa hiyo hakuna kifo wala rupia laki mbili za bima, na huenda yuko Kerala anajenga maghorofa. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mpelelezi wenu ameandika kwamba nilivua bangili na kufuta rangi nyekundu utosini, alama za mke mwenye mume, siku nane kabla ya kifo, kwa hiyo nilikijua mapema. Bwana Meneja, huku kila mke wa mrina asali huvaa ujane siku mume anapoingia msituni, ili msitu udhani umeshapata chake. Akirudi, tunajipamba tena. Nimekuwa mjane mara kumi na tisa, na sikuwadai hata mara moja.

2. Mlitaka shahidi. Shemeji yangu Bhuban alikuwepo. Mpelelezi alipomuuliza kwa nini hakuhakikisha kifo, alimjibu, "Kaka, wewe ungebaki umpime mapigo ya moyo?" Mkaandika kwamba shahidi hatoi ushirikiano.

3. Mlitaka mabaki. Nilileta ndala ya kushoto. Mkajibu kwamba ndala haikukatiwa bima. Naona mmeishika sana ile methali kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

4. Mama mkwe hataki nile samaki kwa kuwa mimi ni mjane. Ninyi mnaninyima pesa kwa kuwa si mjane. Naomba mkutane naye mkubaliane, maana njaa ninayo moja tu.

5. Mkishindwa, mhojini chui. Ndiye wa mwisho kuonana na marehemu, na hana tabia ya kuwakimbia wageni. Mpelelezi aje na kalamu, mashua nitakodi mimi. Asiporudi, sitamsumbua mtu kuhusu maiti yake. Nitaamini ameenda Kerala.

Nisalimieni wote, na yule karani anayegonga muhuri wa kukataa kwa nguvu vile. Mkono usije ukamuuma.

Wenu ninayengoja,
Shefali Gayen

N.B. Kuhusu Kerala. Kama yupo mtu wenu aliyemwona kweli, ichaneni barua hii yote. Pesa kaeni nazo. Nitumieni anwani tu, na mwambieni sitamgombeza.