Kahawa ya Mama Mkwe na Mashine Yangu

Alhamisi, 10 Septemba 1992, Nyakakika
Siku kubwa! Kompyuta niliyorudi nayo kutoka chuoni Ulaya imemaliza kujifunza. Nimeilisha madaftari ya mvua ya misheni, miaka ishirini. Sasa inatabiri yenyewe. Aliyeyaandika ni katekista Elpidius, aliyeishia darasa la nne. Sikuona haja ya kumuuliza chochote.

Ijumaa, 11 Septemba
Mama mkwe, Deodatha, amekuja. Shikamoo, marahaba. Jumapili ukoo mzima unakwenda kwenye kipaimara. Kahawa yake ya msimu mzima aiache mikekani nje ikauke, au aifungie ndani iote ukungu? Mabati ya kuezekea nyumba yake yanategemea kahawa hiyo. Nikaiuliza mashine: Jumapili kavu. Nikapekua zaidi. Jumapili zote kavu! Miaka ishirini, hata tone! Ulaya nzima hawalijui hili. Nimeanza makala.
Elpidius, bila kuombwa, akasema siafu wamehamia jikoni kwake, mvua iko njiani. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mke wangu Vestina hakucheka. Aliuliza kama nina hakika. Nikaapa mbele ya mama yake.

Jumapili, 13 Septemba
Askofu hajamaliza mahubiri, radi! Mvua ya mawe! Tumekimbia na nguo zetu za sikukuu. Kahawa imesombwa mpaka kwenye migomba ya jirani. Mama mkwe ameketi kwenye mkeka mtupu, analia. Nikamweleza kwamba kitakwimu mvua hii haikunyesha. Akanirushia kiatu. Mama mkwe kumrushia mkwe kiatu! Wapi na wapi?

Jumatatu, 14 Septemba
Elpidius kasema, kwa upole unaoudhi, kwamba Jumapili huwa hapimi, ni siku ya Bwana. Huandika sifuri, maji yanamsubiri chomboni mpaka Jumatatu. Eti kila mtu hapa anajua. Nikamwambia ucha Mungu wake umeniharibia utafiti. Akaniombea.
Vestina amehamia kwa mama yake.

Jumatano, 16 Septemba
Nyumba kimya. Nimechoma ndizi, zimeungua. Namtaka mke wangu, naumia kweli. Elpidius amepita na ungo, akauliza kama naenda naye kwa mama mkwe kuokota kahawa matopeni. Nikamjibu nina kazi.
Nimeilisha mashine tarehe zote Vestina alizowahi kuondoka na kurudi, mara tatu tangu tuoane, nikaiuliza atarudi lini. Haikutoa tarehe. Kosa nimeliona: takwimu chache mno. Itabidi anikimbie mara kumi zaidi.