Gauni la Bi Mwanaamina Lililopotea Nakshi

Jumatatu, 6 Oktoba

Balaa! Nimefungua picha za harusi ya Shekha kwenye kompyuta, gauni limegeuka zambarau ya maiti. Gauni lilikuwa la hariri, rangi ya komamanga. Shella nzima ililiona Jumamosi. Kamera niliiacha kwenye mpangilio wa taa za studio, nikapigia juani. Nyuso nimeziokoa. Gauni limekataa katakata.

Shekha amepiga simu. Picha lini? Nikasema bado zinaoshwa. Akauliza, siku hizi picha zinaoshwa kwa maji gani? Nikasingizia mtandao, nikakata.

Hofu sina. Dawa ninayo: brashi kubwa ya kompyuta na rangi nyekundu. Nani atajua?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepaka kuanzia bega hadi pindo. Nyekundu safi kabisa. Tatizo ni moja. Limekuwa beseni. Hakuna mkunjo, hakuna kivuli, hakuna hata ua moja la nakshi. Shekha anaonekana kama mtu aliyetumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki, kichwa nje. Bwana harusi alikuwa amemshika kiuno. Vidole vinne nimevipaka kwa bahati mbaya. Amebaki na gumba.

Ng'ambo ya barabara kuna studio ya Mahira. Kazi alijifunza kwangu, miezi mitatu, kisha akaenda kufungua duka linalotazamana na mlango wangu. Adabu hana. Wateja anao. Leo nilivuka nikajifanya naazima mkasi, kumbe nachungulia. Alikuwa na picha ya kochi la kijani kwenye skrini, analigeuza manjano. Mahameli yote ipo! Hata pale paka alipokwaruza panaonekana.

Akaniona nimekodoa macho. Akanieleza bila kuulizwa, eti Mwalimu, usipake rangi juu ya kitambaa kama unapaka ukuta. Weka rangi kwenye tabaka lake pekee juu ya picha, uiamuru igeuze rangi tu, mwanga na kivuli iviache vilivyo. Nyuzi zinaonekana kwa mwanga na kivuli, si kwa rangi.

Nikamshukuru. Mtego huo! Nani anatoa siri yake bure? Nikaondoka. Mkasi nikausahau.

Jumatano, 8 Oktoba

Mimi ni mtu wa ajabu. Gauni limepoteza nakshi? Basi nilitie nakshi nyingine! Nimepiga picha kitambaa cha kochi cha mama, kile cha kufuma chenye maua, nikakibandika juu ya ile nyekundu. Maua kila mahali. Bega maua, kifua maua, tumbo maua, yote yametazama upande mmoja kama wanafunzi kwenye gwaride. Machache yamemwotea bwana harusi mkononi. Hina, nitasema.

Nimechapisha kubwa, nikatia fremu. Mahira ataumwa na kichwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepeleka picha Shella. Ningejua nisingekwenda.

Kumbe gauni lilishonwa na nyanya yake Shekha, Bi Mwanaamina. Kwa mkono, miezi minane. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachukua fremu hadi dirishani na kioo cha kukuzia. Akatazama. Akatazama tena. Mimi nikasifu juisi ya ukwaju, ambayo sikuwa nimeionja.

Shekha akaninong'oneza kwamba macho ya nyanya yanafifia, daktari wa Kilifi amemkataza sindano na uzi. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Na wiki ijayo Shekha anahamia Maskati kwa mumewe, gauni anakwenda nalo. Nyanya anabaki na picha.

Ndipo Bi Mwanaamina akasema, "Hapa kifuani uzi uliniishia, mwanangu. Nikaunga mwingine, mzito kidogo. Nimepatafuta hapo nilipounga, sipaoni."

Nikamwambia pengine ni kioo cha fremu.

"Na maua haya nayajua," akasema polepole. "Ni ya kitambaa cha kochi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akanirudishia picha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Njiani nikapitiliza mlango wangu. Nikalaumu usingizi wa viazi karai vya mchana. Nimefika nyumbani nikakumbuka mchana sikula.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimevuka barabara. Nilimwambia Mahira nataka kumpima kama bado anakumbuka mafunzo yangu. Akaacha kazi yake, akasema, "Lete picha, Mwalimu. Ile ambayo hujaipaka."

Akalizungushia gauni mstari wa mpaka kwa uangalifu, vidole vya bwana harusi akavikwepa kimoja kimoja. Akaweka tabaka la rangi ya komamanga, akaliamuru lisiguse mwanga. Basi! Mikunjo ikabaki. Hariri ikabaki ikimetameta. Akaikuza picha kifuani, nikauona: uzi mzito umeungwa kwa ule mwembamba, kijishono kama punje ya mtama.

Jioni nilikuwa Shella. Bi Mwanaamina akapitisha kidole juu ya picha, kikasimama palepale. "Ndio huu," akasema. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya leso. Shekha akalia. Mimi pia, ila machozi yangu yalikuwa ya vumbi.

Wakauliza nani mwenye mkono huo. Nikafungua mdomo kusema Mahira. Wallahi nilitaka kusema Mahira. Yakatoka maneno mengine: "Ni uzoefu tu."

Jumatatu, 13 Oktoba

Picha ya Shekha imezunguka kwenye simu za watu hadi Kikambala. Leo kikundi cha wapiga picha vijana cha Kilifi kimenialika niwafundishe kubadili rangi bila kuharibu kitambaa. Nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Mahira nimemwambia anaweza kuja kunibebea begi. Amecheka mpaka akashika ukuta. Furaha, bila shaka.

Wanataka picha yangu ya tangazo. Ninayo nzuri, ila shati ni la kijivu na mtaalamu hafai kuvaa kijivu. Nimelipaka buluu mwenyewe, dakika mbili tu. Vifungo vimepotea. Kola pia, na sehemu ya kidevu. Nimeshawatumia. Nani huangalia vifungo?