Winifred Tolland, Mimi na Goti Langu

Jumapili, 3 Novemba

Msiba! Winifred Tolland anakuja Maskati. Gazeti limempa ukurasa mzima na picha. Nyota wa sinema na jukwaa kutoka Amerika, umri miaka sabini na sita, Jumamosi atasimama peke yake ukumbini kusimulia maisha yake. Tafsiri ya Kiarabu itaonyeshwa ukutani.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi chai imenitoka puani.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili hulala ndani ya sanduku la spana, na Masouda hajagusa spana tangu nimuoe. Mwaka 1988 Wamarekani walikuja kupiga filamu kwenye mchanga wa Sharqiya. Winifred ndiye nyota. Mimi kijana wa miaka ishirini na nne, nimechukuliwa kujaza msafara. Kazi yangu: kupigwa mshale, kuanguka, kufa. Basi. Yeye apige magoti alie juu yangu.

Nilianguka vizuri sana. Nikafumba macho. Halafu nikamkumbuka mama. Kwetu mtoto akijilaza kama maiti hugombezwa, ni fali mbaya. Nikawaza, mama ataiona filamu hii, ataniona nimenyooka chali na mwanamke ananililia. Nikainuka. Wakarudia. Nikainuka. Mara nne! Ya tano nilimuuliza mkuu wa filamu, kwa adabu, kama haiwezekani nijeruhiwe tu. Kabla ya magharibi nilikuwa juu ya gari la maji, narudi mjini. Winifred alinipa chungwa moja na kuniambia niende nyumbani kwa mama.

Hilo ndilo neno lake pekee. Niende nyumbani. Lakini nilipokwenda kumposa Masouda mwaka uliofuata, neno lilikuwa limeshakua. Winifred kanisihi twende Amerika akanifanye nyota, na mimi nimekataa kwa ajili ya Masouda! Masouda aliinamisha macho. Tukaoana. Miaka thelathini na tano anaishi na mwanamume aliyeiacha Amerika kwa ajili yake. Nikinyang'anywa hilo nabaki nani? Mstaafu wa idara ya maji, mwenye kipara, wa Al Khoudh.

Mpango wa kwanza: nimeukata ukurasa. Masouda ameuliza tundu la nini. Nimesema nilitaka tangazo la matairi.

Jumatatu, 4 Novemba

Mpango umekufa bila hata kupigwa mshale. Jaifar, kaka yake Masouda, ametuma picha ya ukurasa ule ule kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Watu arobaini na mmoja! Chini yake ameuliza: "Shemegi Thani, bibi wa Amerika anakuja kukuchukua?" Nyuso za kucheka thelathini na tatu. Nimezihesabu.

Jaifar hajapata kuiamini hadithi yangu. Ana kiwanda cha rangi Rusayl, na kwake kitu kisichopimika hakipo. Ameshakata tiketi za watu watatu, safu ya ishirini na mbili. Masouda ameshatoa nguo yake ya zambarau kabatini. Anasema anataka amwone kwa macho yake mwanamke aliyeachwa kwa ajili yake. Alisema hivyo huku anatabasamu. Nilitamani sakafu inimeze.

Mpango wa pili: goti. Nilianza kuchechemea nikitoka msikitini adhuhuri, taratibu, kwa ustadi. Alasiri nilikuwa nashika ukuta. Magharibi nimetangaza kuwa Jumamosi sitaweza kukaa ukumbini, na kwamba wao pia itabidi wabaki kunihudumia. Masouda amenikanda kwa mafuta ya karafuu. Nilijiona mwovu kabisa. Supu nimekula mabakuli mawili.

Jumanne, 5 Novemba

Jaifar amekuja na kiti cha magurudumu! Amekiazima kwa rafiki yake mwenye duka la vifaa vya wagonjwa Hamriya. Si hivyo tu. Amepiga simu ukumbini, na wale watu kwa huruma zao wametuhamisha. Wenye viti vya magurudumu hukaa mbele kabisa, na jamaa zao pembeni yao. Goti langu limetusogeza safu ishirini na moja. Winifred akipiga chafya nitalowa.

Tulikaa sebuleni, Jaifar akanimiminia kahawa. Nilikuwa nimeduwaa kiasi kwamba nilisahau kutikisa kikombe. Mtu asipotikisa kikombe anaongezewa, ndiyo desturi, na Jaifar hajapata kuiheshimu desturi kama alivyoiheshimu leo. Vikombe tisa. Mikono inatetemeka hadi sasa. Jaifar amesema goti limepanda hadi mikononi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa tatu, na huu ni wa mtu mwenye akili. Kwa nini nimkimbie Winifred? Nimwombe tu anisaidie! Yeye ni mwigizaji, kusema asichomaanisha ndiyo kazi yake.

Nimemwandikia barua ya Kiingereza, siku mbili, na kamusi mapajani. Nusu ya juu nimemkumbusha: mimi ni Thani, yule aliyekataa kufa kwa sababu ya mama, ulinipa chungwa, tafadhali nitaje utakaposimulia maisha yako. Nusu ya chini ndiyo kiini: tafadhali sema ulinisihi niende Amerika, nami nikakataa kwa ajili ya msichana aitwaye Masouda. Nimemwomba kama mwigizaji kwa mwigizaji. Kwenye gazeti nimesoma kuwa alianza kama mtumishi mwenye sentensi moja. Mimi nilianza bila sentensi hata moja. Tofauti ni ndogo mno.

Mjumbe ni Anjelina, mtu wa Mbeya, zamani akifanya kazi kwa jirani yetu Murshid, sasa anasafisha vyumba kwenye hoteli aliyofikia Winifred. Masouda nimemwambia nakwenda kukandwa goti. Kiti nimekiacha kwenye buti ya gari, nikaenda kwa miguu yangu mpaka lango la nyuma, nimebeba bakuli la halwa. Barua nimeiweka chini kabisa ya halwa, watu wa hoteli wasije wakaisoma. Akili!

Anjelina amelitazama bakuli, akaniuliza kwa nini sikutumia bahasha. Nimemwambia mambo ya siri hayajui. Akasema, "Sawa, mzee," kwa sauti ambayo sikuipenda.

Ijumaa, 8 Novemba

Ushindi! Anjelina amepiga simu baada ya sala. Winifred amekula halwa, ameikuta barua, amecheka mpaka amevua miwani kufuta macho. Amemwagiza aniambie kuwa atanitaja. Atanitaja! Anjelina alikuwa anaendelea, kitu kuhusu samli na karatasi kulowa, lakini nilikuwa nimeshakata simu ili nimpigie Jaifar.

Nimemwambia Jaifar alete ukoo mzima. Nimesema nina hakika Winifred hajanisahau. Jaifar hakubisha, na hilo ni tamu kuliko halwa. Ameongeza tiketi kumi na moja. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimelala mchana kama mtoto.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika juu ya boneti ya gari, nje. Ndani siwezi kukaa.

Jana basi. Jaifar alinisukuma mpaka mbele, Masouda kulia kwangu na nguo yake ya zambarau, ukoo nyuma yetu umejaa safu nzima. Winifred akatoka. Mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka! Gauni la kijivu, kiti kimoja, gilasi ya maji. Akaanza.

Baba yake alikuwa fundi viatu katika mji mdogo wenye theluji. Alikwenda New York akapata nafasi ya mtumishi anayeingia jukwaani kusema chakula kiko tayari, akalisema hilo kila siku kwa miezi minane, na kila siku akitafuta namna mpya ya kulisema. Kisha sinema. Kisha tuzo, ambayo sasa anazuilia mlango wa jikoni usijifunge. Alipofika miaka arobaini na mitano simu ikanyamaza. Miaka sita hakuna aliyemtaka. Aliuza nyumba, akafundisha watoto kutamka, akarudi jukwaani kwa kuigiza vikongwe kabla hajawa kikongwe. Alisimulia bila kujihurumia. Niliona haya. Mimi nilikosa kazi ya siku moja, nimeililia miaka thelathini na sita.

Halafu akasema: jangwani.

Alisimulia yote. Mshale, kuanguka, kuinuka, mara nne. Kuomba kujeruhiwa tu. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Chungwa pia alilitaja. Kisha akashusha sauti. Alisema yeye amekufa mara kumi na moja kwenye sinema, mama yake akitazama kila mara, na hakuwahi hata siku moja kumfikiria. Tangu siku ile, kabla ya kuigiza kifo chochote, alikuwa anampigia mama yake simu kwanza. Alisema wiki hii yule kijana amemletea halwa na barua, nusu ya barua imeliwa na samli, lakini iliyobaki inatosha. Kama yumo ukumbini, asimame amwone.

Nusu imeliwa na samli! Nikajua ni nusu ipi. Amerika haikutajwa. Kunisihi hakukutajwa. Kilichosemwa ni ukweli mtupu, mbele ya watu kumi na watatu wa ukoo wangu.

Sasa. Mtu mwenye akili angekaa. Nilikuwa na kila sababu ya kukaa: aibu, goti, kiti cha magurudumu. Wageni wasingejua ni nani. Lakini taa ikaanza kutafuta watu. Ikapita safu ya kwanza. Ikanigusa.

Nikasimama. Nikanyoosha mikono yote miwili. Nikainama kushoto, nikainama kulia, nikapiga hatua tatu mbele nionekane vizuri. Winifred akaniinamia. Watu wakapiga makofi, na wale wa nyuma, walioniona nikiinuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu, wakapiga makofi zaidi na wengine wakamshukuru Mungu kwa sauti. Katikati ya yote hayo nikamsikia Jaifar: "Goti!"

Tukarudi nyumbani. Kiti kilikuwa kinagonga gonga ndani ya buti. Nilikuwa naogopa kumtazama Masouda. Nilijua nimempoteza yule mwanamume wake aliyeacha Amerika, na kwamba aliyebaki ni mimi.

Asubuhi hii aliniwekea mkate wa kumimina, akakaa mbele yangu. Nikaanza kueleza. Akanikatiza. Akasema: "Baba Malak, mama'ko alinambia siku ya tatu ya fungate."

Alijua! Tangu siku ya tatu! Mama alimweleza yote, gari la maji na chungwa, akamwambia: mwanangu alikataa kufa asije akanitia huzuni, huyu hatakuacha. Masouda akasema kwamba kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa mahari. Amerika hakuiamini hata siku moja. Mwanzo alingoja nimwambie mwenyewe. Baadaye akaacha kungoja, maana kila Idi nikisimulia, Winifred alizidi kunisihi, na yeye alipenda kuona safari hii nitamkataaje.

Nililia juu ya mkate wa kumimina. Nampenda mke huyu kuliko ninavyoweza kuandika kwenye daftari lenye harufu ya grisi. Nimemuapia: hadithi zimekwisha. Kuanzia leo ni ukweli tu. Akanimiminia chai, akauliza daftari nitalihamishia wapi, maana sanduku la spana limeanza kuota kutu.

Jumatatu, 11 Novemba

Asubuhi Jaifar alikuja kuchukua kiti, akakitia garini mwake. Akakaa kunywa kahawa. Mara akaingia jirani Murshid, ambaye Jumamosi alikuwa Nizwa, amesikia habari nusunusu. Akauliza kama ni kweli Winifred Tolland alinisimamisha mbele ya ukumbi.

Nikasema ni kweli. Ukweli tu. Ningeishia hapo.

Lakini Murshid alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, mdomo wazi. Mtu unafanyaje? Nikasema baada ya onyesho aliniita pembeni. Nikasema amenisihi tena. Tiketi mbili za ndege, nyumba yenye bustani, sehemu ya babu katika mchezo mpya. Nikasema nimekataa kwa ajili ya Masouda.

Jaifar akaweka kikombe chini. Masouda alikuwa anamimina, hakuinua macho. Akasema kwa utulivu kuwa ni kweli, bibi wa watu alisihi sana, hata machozi yalimtoka, na huenda angefaulu kama si goti.

Murshid, maskini, akanigeukia kwa huruma, akauliza goti linaendeleaje. Nikatazama chini. Mkono ulikuwa umeshalishika.

Jaifar amekwenda garini kukileta tena kile kiti.