Vita vya Ndalahwa na Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Sogezeni vigoda, enyi watu wa Bariadi, nanyi wa Shishiyu na Migato mliokuja gulioni. Fungeni mbuzi wenu imara na mtege masikio, kwa maana leo inasimuliwa siku ile Ndalahwa mwana wa Mayunga, fundi cherehani asiyeshindwa, bingwa wa suruali za harusi, mwenye jicho linalopima kiuno cha mtu angali ng'ambo ya barabara, alipoupiga vita ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Chanzo cha vita kilikuwa maji. Mama mkwe wake alifika kutoka Mwamapalala kutibiwa figo, akapewa chumba cha nyuma, na daktari akaamuru anywe maji kwa wingi. Lakini chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungukia sebuleni alikokaa Ndalahwa na cherehani yake. Na nani asiyejua kwamba kwa Wasukuma mama na mkwewe wa kiume hawakutanishi nyuso? Kwa kuwa njia ya chooni ilipita mbele ya mkwewe, mama yule aliona heri kiu. Jina lake halitajwi hapa, maana hata shujaa wetu hajawahi kulitaja.

Asubuhi moja Flora, mkewe, alimjia amenuna kwa huzuni. "Baba Bujiku," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mama amefunga mzigo. Kesho anapanda basi arudi kwake, na dawa hata hazijaisha. Nitamzuia kwa lipi?"

Ndalahwa aliweka mkasi chini. Moyo ulimuuma kweli, kwani mama yule, japo hakuwahi kumtazama, ndiye aliyemlea Flora. Akasimama, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni kama nishani, akahutubia: "Mama Bujiku, mpeleke mayu, mama yetu, hospitali. Mtakaporudi ukuta wa nyuma utakuwa umesalimu amri, na mayu atatoka na kuingia kwa mlango wake kama mtemi. Simama hapo kwanza." Ili kupata kimo cha mlango, akampima mkewe toka unyayo hadi utosi, akaongeza kidogo kwa ajili ya kilemba, maana alijiambia kwamba binti hufuata mama, na aliyeipima nusu ya Bariadi hana haja ya kuuliza. Flora alitaka kusema neno, lakini shujaa alikwisha kushika nyundo.

Nuruddin, mwenye duka la jirani, alimwazima tindo, akabaki kutazama. "Fundi," alionya, "ukuta si kitambaa. Ukikosea hufumui."

"Ndugu yangu Nuruddin," alijibu Ndalahwa, "haujajengwa ukuta wa kunifundisha mimi kipimo."

Basi nyundo ikashuka, na pigo la kwanza likaangukia kidole gumba cha jemadari. La pili likampata adui. Matofali ya kuchoma yakaanguka moja baada ya jingine, kuku wakakimbilia kwa majirani, na vumbi likamfanya shujaa afanane na mtu wa mashine ya unga. Nuruddin alivumilia kutazama, mwisho akavua kofia akabeba matofali. Jua lilipoinama fremu ilikuwa imesimama, na mbele yake pazia jipya alilolishona fundi mwenyewe.

Wanawake waliporudi, Ndalahwa alijikalia sebuleni, mgongo kwa chumba, kama adabu itakavyo. Alisikia maji yakimiminwa. Alisikia hatua zikielekea mlango mpya. Kisha akasikia kishindo cha kichwa kwenye ubao.

"Mama amenipita kichwa kizima," Flora alisema polepole akitokea mlangoni. "Nilitaka kukwambia asubuhi."

Bingwa wa vipimo alitamani ardhi immeze. Nusu ya Bariadi aliijua kwa sentimita, ila mtu mmoja aliyelala chini ya paa lake hakumjua hata kimo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ikimsemesha Flora lakini ikimkusudia mwingine. "Mwambie mkwe wangu mlango ni mzuri, asiuguse. Miaka yote hii nimekosa njia ya kumwamkia. Sasa kila nikipita nitainama, na heshima yake itakuwa imemfikia. Halafu nijazie tena hilo jagi."

Mzigo ulifunguliwa jioni ileile. Wazee na wakumbuke, na vijana waambiwe: siku hiyo, katika nyumba ya Ndalahwa mwana wa Mayunga, mama mkwe alikunywa jagi zima la maji.