Mfuko wa Kununua Madeni Wafika Harlan Falls

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Meya mstaafu, Mkuu wa Zimamoto, Mchungaji Ostrander, waheshimiwa wakurugenzi wa benki mlioketi karibu na mlango, kocha, na ninyi wananchi mliojazana kwenye ukumbi huu wa mpira wa kikapu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa kwa kocha.)

Mimi, Bradley Whitcomb wa Tatu, Naibu Msaidizi wa Kaimu Katibu wa Ofisi ya Kufufua Mikopo, nimetoka Washington leo asubuhi, tena kwa ndege ya watu wa kawaida, kuja kuwatangazia kwamba serikali yenu sikivu, katika muktadha wa mtikisiko huu wa uchumi wa mwaka 2009, na kwa kuzingatia mkakati mtambuka wa kuchochea ukwasi, itanunua hatifungani zinazodhaminiwa na mikopo ya magari. Yaani benki inakukopesha gari, inalifunga deni lako pamoja na madeni ya wenzako kama robota la mitumba, inaliuza, sisi tunalinunua, benki inapata fedha, inakopesha tena. Uelewa wa wananchi tayari umepanda kwa asilimia mia na nne. (Mtu anacheka peke yake.)

Ndiyo, mama mwenye koti la kijani. (Lorna Stasik, dereva wa wagonjwa wa figo: “Kaka, gari langu limekufa. Nisipopata lingine kabla ya Ijumaa, hospitali inampa mwingine kazi. Benki wanasema wanawasubiri ninyi. Mnanunua lini?”)

Swali zuri, mama, linaonyesha elimu yetu imepenya. Tutanunua mara tu benki itakapokukopesha, maana hatuwezi kununua deni ambalo halipo. Nayo benki itakukopesha mara tu tutakapokuwa tumenunua. Huo ndio ushirikiano. (Lorna: “Sasa nani anaanza?” Jirani yake: “Kaa chini, Lorna, utamkasirisha.” Lorna: “Akasirike. Mimi nina watu wa kuwapeleka kusafishwa damu.”) Anaanza mwananchi, mama, kwa kujiamini.

Mikopo juu! Juu zaidi! (Meya anapunga mkono, kisha anaushusha.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru kwa kufurika kwenye uzinduzi wa mfuko ambao, kama nilivyoarifiwa kwa simu nikiwa uwanja wa ndege, haukuwahi kuanzishwa. Bunge halikuupitisha, wala haukutengewa hata senti. Lakini ukumbi ulikuwa umeshalipiwa, na keki ya uzinduzi imeshaandikwa jina la mfuko. Mama Lorna, karibu uwe wa kwanza. Nimekuwekea kipande cha pembeni, chenye ua la sukari. (Lorna ameshatoka. Yuko nje, anawapigia simu wagonjwa wake mmoja mmoja.)