Redio ya Mama na Maada ya Giza

Jumatatu, 5 Julai 1993
Matombo, kwa mama. Mwezi wa nne tangu nipunguzwe kazi ya maabara mjini. Nimepata njia ya kurudi kwa heshima. Sehemu kubwa ya ulimwengu ni maada ya giza, na hakuna aliyewahi kuikamata. Nilisoma kazini: huenda chembe zake ni nyepesi mno, na zikipita kwenye sumaku ndani ya chombo cha chuma hugeuka mawimbi hafifu ya redio. Unatafuta stesheni taratibu, unasikiliza. Debe ninalo. Sumaku ya spika na kipokezi, redio ya mama inavyo vyote.

Jumanne, 6 Julai
Mama amekataa. Redio ndiyo humletea matangazo ya vifo, na mdogo wake Yuliana anaumwa huko Turiani. Nikakubali. Alipokwenda shambani nikaifungua.

Alhamisi, 8 Julai
Mvumo tu. Mchana Severin kapiga hodi. Tulipunguzwa pamoja, sasa anauza mitumba, ana pikapu, watu wanamwita bosi. Eti ana neno kwa mama. Mpelelezi! Nikamjibu mlango ukiwa umefungwa: mama hayupo, nami sina nafasi. Akasema pole, akaondoka. Pole ya nini? Wivu.

Jumapili, 11 Julai
Mama ameambiwa kanisani. Mama mdogo Yuliana alifariki Jumatano, akazikwa Ijumaa. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu. Watu walidhani tumekosa nauli. Alhamisi ile Severin alikuja kutuchukua.

Mama hakunigombeza. Alikaa kitandani, akauliza kama nilikisikia hicho nilichokuwa nakitafuta. Nikasema bado.

"Haya, Athanas," akasema, akageukia ukutani.

Nimelia nyuma ya banda la kuku.

Jumanne, 13 Julai
Turiani, msibani. Mama alipiga magoti kaburini, akamwomba mdogo wake msamaha kwa kuchelewa. Hakunitaja. Baba mdogo Benedikto, mume wa marehemu, akasema mkewe aliuliza mpaka mwisho kama dada yake amefika. Nilikosa pa kuweka macho. Tuliporudi ndani nikayaweka juu ya kabati. Wana redio kubwa, spika mbili. Sumaku mbili! Na baba mdogo hasikilizi chochote tangu Jumatano.

Nimemwomba aniazime. Alinitazama muda mrefu. Nadhani atakubali.